Waya wa Nyuma ya Bampa

Jumatatu, 3 Juni

Taa za ukungu za Bi Mkubwa zimekufa. Zote mbili, kwa mpigo. Na mimi nimezipata habari kupitia dirishani, kama jirani!

Nilikuwa naanika nguo. Baba amerudi mlimani kupeleka mikate ya shule, kakaa barazani na viatu vyake vya tope, simu sikioni. Nikasikia: ukungu ulikuwa mzito kama pamba, taa zikazimika kwenye kona ya pili, akateremka kwa kunusa njia. Nikasema moyoni, haya, sasa hivi naitwa. Sikuitwa. Alikuwa anamsimulia Shemeji — mume wa mdogo wangu, ndoa ya miezi minane, kazi yake kutengeneza majokofu. Majokofu! Na Baba anamwambia, "Mwanangu, Jumamosi mkija unitazamie."

Mwanangu. Mimi naitwa "wewe". Wewe, chai iko wapi. Wewe, geti limefungwa?

Nani alimshikia tochi akiwa na miaka saba? Mimi. Nani alijua spana kumi na spana kumi na mbili kabla hajajua kusoma saa? Mimi. Kitinda, mdogo wangu, alikuwa akiona oili chafu analia. Mama akisema mwacheni mtoto wa watu acheze, Baba akijibu: huyu ni fundi wangu, hachezi.

Bi Mkubwa ni gari, si mtu. Baba alilipa jina hilo Mama alipofariki, eti nyumba haikai bila Bi Mkubwa. Rangi imebabuka, mlango wa nyuma unafunguka kwa ndani tu, lakini mlima anaupanda. Na kwa mlima ule, msimu huu, bila taa za ukungu huendi popote. Ukiwasha taa kubwa, weupe wote unakurudia machoni.

Jumanne, 4 Juni

Kazini mashine yangu ya kola ilikuwa inaruka mishono. Fundi wa kiwanda kaja, kachokonoa, kaondoka. Nikaifungua mwenyewe. Ndoano ya chini ilikuwa imelegea, nikaikaza, mashine ikaimba. Wenzangu wakapiga makofi. Msimamizi akauliza ufundi huo nimeupata wapi. Nikasema kwa Baba.

Jioni nikajipendekeza. "Baba, nikuangalizie fyuzi?"

Hakuinua hata macho kwenye sahani. "Acha tu. Mwenzako anakuja Jumamosi."

Mwenzako! Mwenzangu wa nini? Wa lini? Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Leo asubuhi amepanda mlima bila taa. Kwa kawaida saa tatu yuko nyumbani. Leo, kwa maneno ya jirani, amerudi saa tano. Tumekula kama abiria wawili wasiojuana.

Jumatano, 5 Juni

Baba hulala mchana mpaka saa kumi na moja. Nikawahi kutoka kazini. Nikafungua boneti taratibu, kama mwizi wa kwao mwenyewe.

Fyuzi nzima. Nikachomoa balbu ya kulia, nikaunganisha moja kwa moja na betri — ikawaka, ikanichoma macho. Ya kushoto pia. Basi balbu si mbovu! Nilijua! Haiwezekani mbili zife siku moja, saa moja, kama wapenzi.

Nikasikia kikohozi chake ndani. Nikarudisha kila kitu, nikafunga boneti, nikakamata ufagio. Akatokea mlangoni na msuli wake.

"Unafanya nini hapo?"

"Nafagia, Baba."

"Unafagia gari?"

Nikafagia gari. Ningefanyaje?

Alhamisi, 6 Juni

Kitinda kapiga simu. Eti mumewe kanunua testa mpya ya kupimia umeme kwa ajili ya Jumamosi. Eti ana furaha kama bwana harusi. Nikasema vizuri sana. Nimejikata kidole nikimenya viazi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefanya jambo. Naliandika lote, nisije nikalipunguza baadaye.

Baba alikwenda kikao cha madereva wastaafu, nyumba ya nne kutoka kwetu, kwa miguu. Nilikuwa na saa nzima. Nikawasha swichi ya taa za ukungu, nikatega sikio kwenye boneti: relei — kile kidude cheusi kinachoufungulia umeme mlango — kikafanya tik. Basi swichi nzima, relei nzima. Nikachukua testa ya Baba, nikapima kwenye plagi ya taa. Umeme unafika! Unafika, na taa haiwaki. Maana yake unakosa njia ya kurudi. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha nikiwa darasa la pili: umeme ni mtu mwenye heshima zake, haingii nyumba asiyojua atatokea wapi.

Nikalala chali chini ya bampa. Nikaufuata waya mweusi kwa vidole, kwa sababu macho hayafiki. Taa zote mbili zinarudishia umeme kwenye waya mmoja, na waya huo umefungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari, nyuma ya bampa, upande wa kushoto. Bolti imeliwa na kutu. Waya umeshikilia kwa unywele. Nikakata ncha mbovu, nikaumenya upya, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa kama kijiko. Nikakaza.

Nikawasha. Miduara miwili ya manjano ukutani, mikubwa kama sinia!

Nikasimama pale na mikono michafu. Hakuna aliyeona.

Nilitakiwa nimngoje Baba getini. Nimwambie, tazama. Lakini niliona yote yatakayofuata: angesema ahaa, vizuri, halafu kesho angekaa na mkwe wake kutwa nzima wakicheka mambo mengine, na mimi jikoni. Nilitaka kwanza yule ashindwe. Mbele ya Baba. Atoe jasho, atoe testa yake mpya, aseme mzee nimenyoosha mikono. Halafu mimi nipite na spana moja. Dakika tano. Baba aone.

Nikalala tena chini. Nikalegeza bolti raundi tatu. Waya ukaning'inia. Taa zikazima.

Kichwani lilikuwa jambo dogo, utani tu. Hapa kwenye karatasi lina sura nyingine.

Jumamosi, 8 Juni

Wamefika saa nne. Kitinda kanenepa, kapendeza, kaingia moja kwa moja jikoni kufunua sufuria. Shemeji kashuka na mkoba wa vifaa. "Shem! Hujambo Shem!" Kaniletea pakiti ya sindano za cherehani, zile ngumu zisizovunjika. Kasema aliona dukani akanikumbuka. Hata kumchukia kwa raha hakunipi nafasi.

Wakaanza. Mimi dirishani, nakatakata vitunguu ambavyo hakuna aliyeviagiza.

Ikawa kama nilivyopanga — na haikuwa. Kafungua fyuzi: nzima. Katoa balbu: nzima. Jasho likaanza. Kapima betri, kakuna kichwa. Kasema, "Mzee, mimi nimezoea mafriji. Friji halina ukungu." Na Baba — Baba akacheka! Alicheka mpaka akashika kiuno. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Mama yupo. Nilingoja achoke naye, aone ni bure. Kadiri Shemeji alivyoshindwa ndivyo Baba alivyozidi kumpenda. "Shika hapa mwanangu. Hapana, hapa. Sasa sikiliza. Umesikia tik?" Anamfundisha! Maneno yangu! Na ule wa umeme mwenye heshima zake, akamwambia na huo, neno kwa neno. Nilidhani alinitungia mimi.

Kisha akamsimulia safari ya mwaka ule wa mvua, Mama na uchungu wa kunizaa kiti cha nyuma, mlango ukagoma kufunguka, ikabidi nesi apitie dirishani. Hadithi yangu. Ya kuzaliwa kwangu mimi! Akampa mgeni kama mtu anayegawa karanga.

Kitinda akaniambia, "Dada, mbona unalia?"

"Vitunguu."

Mchana Shemeji akafunga relei mpya aliyokuja nayo. Akawasha. Kimya. Nikafuta mikono. Nikachukua spana. Nikavuka kizingiti, naapa nilikuwa nimekwisha kuvuka — naye akainuka kwa uchovu, akaegemeza goti kwenye bampa.

Taa zikawaka.

Bampa lilisukuma waya, waya ukagusa bolti. Basi! Lakini nani anajua hilo? Baba kapiga ukelele, kamkumbatia na oili zake zote. "Relei! Si nilisema relei!" Kitinda anapiga vigelegele. Mimi nimesimama na spana kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa.

"Umeona wewe?" Baba akaniambia. "Umemwona mwenzako?"

Nikasema nimeona.

Jumapili, 9 Juni

Sikulala vizuri. Waya ule unagusa tu. Shimo la kwanza barabarani, ukitikisika, kwisha.

Nikisema, nitaulizwa nimejuaje. Nikisema nimejuaje, nitaulizwa kwa nini nilinyamaza. Baada ya hapo sijui.

Basi nikaamua nikakaze kimyakimya, Shemeji abaki na sifa zake, amevuna pasipo kulima, hewala. Lakini wamekaa barazani kutwa! Wanaosha gari, wanapaka nta, wanamwambia Bi Mkubwa anatakata. Kesho Shemeji yuko likizo, wanapanda mlima wote wawili, anataka kuona huo ukungu wa kusifiwa. Redio imesema wa kesho ni mzito.

Saa kumi wakaenda kuchukua mtungi wa gesi. Nikaruka. Spana mfukoni, mgongo chini, mkono nyuma ya bampa. Nikaikuta bolti. Nikaweka spana, nikazungusha robo raundi.

Nikasikia viatu vyao. Wanakuja taratibu kwa sababu ya mtungi. Na Baba anasema, kwa sauti ile ya mtu aliyeridhika: "Mimi nikichoka, gari hili utalichukua wewe."

Nililala pale nikitazama tumbo la gari. Nimelijua tumbo hilo miaka thelathini. Kila doa la kutu. Mkono ulikuwa bado umeshika spana, na ilikuwa imebaki mizunguko miwili tu, labda mitatu.

Nikauondoa mkono. Nikajiviringisha upande wa pili, nikapita nyuma ya nyumba, nikaingia kwa mlango wa jikoni.

Chakula cha jioni nimewapakulia wote. Baba kasema mchuzi umekolea.

Jumatatu, 10 Juni

Saa kumi na moja na nusu. Wameondoka. Niliamka kabla yao, nikasimama ukumbini gizani ili niwaambie. Shemeji kavaa koti la Baba. Lile la kahawia. Baba kaniambia nirudi kulala. Manjano ya taa yakapita kwenye pazia, yakakunja kona, yakaenda. Zilikuwa zinawaka.

Huenda zikafika. Robo raundi ile labda inatosha.

Saa kumi na mbili kasoro. Nje huoni geti. Hapa chini! Na huku ni chini, sembuse mlimani! Nimepiga simu ya Baba — inalia chumbani kwake, kaiacha kwenye mto. Ya Shemeji haipatikani. Nimepiga mara tisa.

Saa kumi na mbili na dakika kumi. Nimemwamsha Kitinda. Nimemwambia. Yote, mpaka la mkono kuondoka kwenye spana. Kakaa kitandani na kanga mabegani, ananitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Nilitaka anipige. Akauliza kitu kimoja tu: "Kwa sababu ya gari?"

Nikasema kwa sababu Baba kasema atampa mumewe. Nilisikia kwa masikio yangu.

"Kasema amchukue Bi Mkubwa ampeleke kwa wanaonunua vyuma chakavu. Tangu juzi anambembeleza mume wangu aifanye kazi hiyo, mwenyewe hawezi kuona Bi Mkubwa anakatwa. Na anasema wewe usiambiwe kabla."

"Nisiambiwe kwa nini?"

"Anasema utataka umtengeneze. Anasema amekuchosha vya kutosha. Unarudi na vidole vimetobolewa na sindano, halafu akulaze chini ya gari?"

Ningepaswa kufurahi. Unajua nilichowaza kwanza? Kwa nini aliwaambia wao. Kwa nini mimi nipendwe kwa siri na wao wapendwe hadharani. Moyo gani huu! Watu wako kwenye ukungu nami bado napima nani kaambiwa nini.

Kitinda kavaa viatu, kakaa mlangoni. Hatuna usafiri wa kuwafuata.

Saa moja kasoro robo. Simu! Namba ya Shemeji, sauti ya Baba. Ile sauti ya chini, ya kumeza mate.

Taa zimezimika kona ya pili, kwenye mashimo. Gurudumu la kushoto likatoka barabarani. Hawakuanguka. Shemeji akashuka atangulie mbele na tochi, Baba amfuate polepole. Lori likateremka. Dereva hakumwona. Baba anasema aliiona tochi ikiruka, halafu hakuona kitu, akaita, akaita, akaita. Shemeji alikuwa mtaroni, ndani ya maji. Mzima. Kiwiko kimechunika. Mzima.

Nikakaa chini sakafuni.

Kisha Baba akasema, "Sikiliza. Tumebadilisha relei. Fyuzi nzima. Wewe gari hili unalijua kuliko mimi. Tutazame wapi?"

Siku saba nimengoja aniulize hivyo. Siku saba!

Nikamwambia. Nyuma ya bampa, upande wa kushoto, ingiza mkono kwa chini, kuna bolti yenye waya mweusi. Imelegea. Kaza kwa koleo.

Upepo ndani ya simu. Nikamsikia akimwelekeza Shemeji, nikasikia chuma kinagusa chuma. Shemeji akaguta, "Zinawaka mzee! Zinawaka!" Kitinda akaficha uso kwenye kanga.

Nilingoja Baba arudi kwenye simu. Alirudi. Nilisikia pumzi zake. Hakuuliza nimejuaje. Alisema wanamalizia kupeleka mikate, watoto wanangoja. Akakata.

Nimetuma ujumbe kazini kwamba siendi.

Saa tatu na nusu. Wamefika. Kitinda amekimbia hadi getini, amemshika mumewe usoni kwa mikono miwili, kisha akageuka akanitazama mimi dirishani. Sijui kama atamwambia. Mimi ningekuwa yeye ningesema. Shemeji kaingia, matope mpaka magotini, koti la Baba limechanika mkono. Kaniona. "Shem! Umetuokoa Shem! Mimi nilikuwa nimekwisha!" Anatabasamu. Anatetemeka na anatabasamu. Nimempa taulo.

Baba hajaingia. Amechuchumaa mbele ya gari, shavu karibu na ardhi, mkono nyuma ya bampa. Ana tochi. Bolti ile niliipiga msasa mwenyewe Ijumaa. Na waya nimeumenya upya, kwa jinsi alivyonifundisha yeye, mkato wa mshazari. Hakuna mwingine anayekata hivyo.

Ameutoa mkono. Anavitazama vidole. Amekaa chini kabisa sasa, kwenye majimaji, mgongo kwenye gurudumu.

Ameniita. Si kwa ukali. Anaita kama zamani, akitaka tochi isogezwe.

Ameita tena. Sijaitika bado.